Shosho Ndani ya Hamsini na Nane

Mtoto wa pwani hajui baridi mpaka aweke mguu sakafuni Buruburu mwanzoni mwa Agosti, saa kumi na mbili asubuhi. Sakafu ya wifi yangu ni ya saruji nyekundu, imesuguliwa miaka na miaka hadi inang'aa, na asubuhi ile ilinipiga nyayo kama samaki aliyetoka kwenye barafu. Jikoni ndoo sita zilikuwa zimepangwa mstari, zote zimefunikwa sahani. Maji ya mfereji huja kwa zamu, na Jumamosi haikuwa zamu yetu. "Leo tunaoga kwa adabu," wifi akatuambia. Adabu yenyewe ni kikombe cha plastiki, ndoo nusu na birika moja la maji ya moto. Mwanangu wa kiume, mwenye miaka tisa, alitoka bafuni akifuka mvuke kama treni, na kuomba sweta mbili.

Tulikuwa tumekuja kuona mji mkuu. Wenye uwezo huwapeleka watoto wao London wakapige picha chini ya ule mnara wa saa, au Paris wakapande ule mnara wa chuma. Sisi tulikuwa na likizo ya shule, nauli ya kutoka Mombasa na wifi mwenye vyumba vitatu Buruburu. Msafara wetu: mimi, mume wangu, binti wa miaka kumi na tatu, huyo wa sweta mbili, na mavyaa, mama wa mume wangu, ambaye alikuwa hajafika Nairobi tangu enzi za Mzee Kenyatta. Mavyaa alivaa buibui lake jipya, na juu yake koti la sufu la mkwe wake wa kiume. Hakujali.

Kabla ya kuondoka na wifi, nilitembea kidogo nje, maana Buruburu yenyewe ni ya kutazamwa. Mtaa huu ulijengwa kwa awamu tano, kuanzia mapema miaka ya 1970 hadi mapema miaka ya 1980, kwa ajili ya watu wa mshahara waliotaka kununua nyumba kidogo kidogo kwa mkopo. Mapaa yake ya vigae, yaliyoinama kama kofia iliyovutwa usoni, bado yanaonekana pale ambapo wenyewe hawajapandisha ghorofa juu au kufungua duka mbele. Na wamepandisha, wamefungua: saluni, kinyozi, duka la dawa, yote yamechomoza kutoka kwenye vilivyokuwa vibustani. Kuna wanaolalamika kwamba Buru imeharibika. Mimi niliona mtaa uliokataa kukaa kimya.

Nyumba zimekusanywa kwa vikundi kuzunguka uwanja mdogo wenye lango moja, na kila kikundi wenyewe hukiita korti. Jana yake wifi alikuwa amemwambia mavyaa, "Mama, kesho jioni watu wa korti wanakuja kukuona." Mavyaa akashika kifua. "Nimekosa nini?" Ilibidi aelezwe mara mbili kwamba hakimu hayumo.

Chai tuliinywa ya maziwa, nzito, yenye tangawizi, na mandazi. Mavyaa aliyageuza mandazi yale mkononi, akauliza iliki iko wapi. Halafu akala manne.

Kituo cha matatu kiko Barabara ya Mumias Kusini, na njia ya kwenda huko ina harufu zake kwa mpangilio: mkaa unaowashwa, mafuta ya chapati, maua yaliyoloa ukungu, kisha moshi wa dizeli. Manyunyu yalikuwa yakianguka, madogo mno hata huyahisi, ila miwani inajua. Namba ya njia ya Buruburu ni 58, na magari yake yamejijengea jina Nairobi nzima kwa rangi na muziki. Gari lililopambwa hivyo huitwa nganya. La kwetu lilikuwa na sura za wanasoka ubavuni, taa za zambarau ndani, televisheni mbili, na ngoma iliyokuwa ikikupiga kwenye mbavu kabla haijafika masikioni. Mavyaa akasimama mlangoni.

"Hini ni gari au ni arusi?"

"Ni zote mbili, shosho," makanga, utingo wa gari, akajibu, akamshika mkono kwa heshima kama anayemshusha bibi harusi, akamketisha kiti cha mbele karibu na dereva. Shosho ni nyanya, kwa lugha yao. Mavyaa alilipenda jina hilo papo hapo. Aliomba muziki upunguzwe, nao ukapunguzwa: kutoka radi hadi msondo.

Hapo ndipo safari ilipogeuka ikawa kitu nisichokitarajia. Kituo kimoja baada ya kingine, makanga alikuwa akiita majina, na majina yakawa ya kwetu. Tulipita Barabara ya Rabai. Rabai iko nyuma ya Mombasa, mwendo wa kikombe cha kahawa. Tulipoingia Barabara ya Jogoo (wazee bado wanaikumbuka kama Doonholm Road), makanga akapiga bati kwa kiganja: "Makadara! Makadara wa kushuka!" Mavyaa alizaliwa Makadara, Mombasa. Nilimwona anakusanya mkoba, anainua buibui, yuko tayari kushuka. "Mama, hii ni Makadara nyingine," mume wangu akamwita kutoka nyuma. "Ziko ngapi?" akauliza, na gari zima likacheka naye.

Ng'ambo ya Jogoo kuna Mbotela, mtaa unaobeba jina la Tom Mbotela, mwanasiasa aliyeuawa Nairobi mwaka 1952. Baba yake ni James Mbotela wa Freretown, kule Kisauni, yule aliyeandika Uhuru wa Watumwa. Mbele zaidi kuna Kaloleni, na Kaloleni nyingine tunayo Kilifi. Halafu yapo yale majina mengine ya Eastlands, mashariki mwa mji, ambayo ni Kiswahili kitupu: Maringo, Bahati, Shauri Moyo, Ziwani, Makongeni, na majirani wa Buruburu wenyewe, Uhuru, Umoja na Harambee. Mavyaa aliyarudia moja moja kwa midomo bila sauti, kama anayevuta uradi. Nimesoma mashairi yenye maneno duni kuliko kibao cha njia ya 58.

Kule Burma, karibu na uwanja wa City, moshi wa nyama choma uliingia kwa madirisha yote ingawa ilikuwa bado asubuhi. Kisha Barabara ya Landhies ikatumeza: mikokoteni ya vitunguu, mabasi ya mashambani, mama aliyebeba majani ya ndizi marefu kuliko yeye. Gari likasimama. Likasimama tena. Makanga akageuka, akatabasamu kama anayetupa zawadi: "Mbele ni jam. Tembeeni tu, tao ni hapo." Tao ni mjini. Na "hapo" ya Nairobi, niliigundua, ni dakika kumi na tano za kutembea haraka, na wenyeji hawajui kutembea polepole.

Tukaanzia makumbusho ya reli, yaliyofunguliwa mwaka 1971, maana reli ni ya kwetu pia: ilianzia Mombasa na kufika Nairobi mwaka 1899, wakati huo pakiwa kinamasi baridi ambacho Wamaasai walikiita kwa maji yake. Humo limo behewa ambamo afisa wa polisi Charles Ryall alivamiwa na simba mwaka 1900, pale Kima. Alikuwa amekaa na bunduki kumvizia simba mla watu, usingizi ukamchukua, simba akaingia na kumtoa dirishani. Mwanangu alilipima dirisha lile kwa mikono. Akauliza kama simba alitoka kichwa kwanza au mkia kwanza. Tulipoteza nusu saa kwenye swali hilo, na mlinzi mmoja mwenye mvi akaja kulijadili pamoja naye kwa uzito wote, wakapanda na kushuka ngazi wakifanya majaribio. Nikikumbuka ukarimu wa Nairobi, huyo mzee ndiye anayekuja kwanza.

Kwenye bustani ya ukumbusho wa tarehe 7 Agosti tulinyamaza. Mwaka 1998 bomu kwenye ubalozi wa Marekani liliua hapo zaidi ya watu 200. Majina yamechongwa ukutani. Binti yangu aliyasoma yote, na hatukumharakisha.

Jumba la mikutano, KICC, lina urefu wa mita 105, na lilifunguliwa mwaka 1973. Wachoraji wake walikuwa Karl Henrik Nøstvik wa Norway na David Mutiso, Mkenya. Picha zake nimeziona kwenye noti na kalenda tangu utotoni, lakini picha haisemi jinsi ule ukumbi wa pembeni, uliochongoka kama kawa, unavyokuwa mkubwa ukisimama chini yake. Juu kabisa, upepo ulilifanya buibui la mavyaa bendera. Upande wa kusini unaona mbuga ya wanyama. Sisi tuligeukia mashariki. Ukungu ulikuwa umeinuka kidogo na mapaa yalitandaa mpaka macho yakakoma, na wifi akanyoosha kidole: "Pale! Nyumbani." Sikuona nyumba yoyote niitambuayo, lakini nilikubali. Mutiso huyohuyo, kampuni yake ilikuwa na mkono katika kuchora Buruburu. Miaka ileile mnara huu ukipanda, na mapaa yale yalikuwa yakianza kupauliwa.

Adhuhuri ilitukuta Jamia. Msikiti huu ulijengwa kati ya 1925 na 1933, una kuba za fedha na minara miwili, na ndani yake zulia lilikuwa na joto kuliko kitu chochote nilichokigusa siku ile. Mavyaa alichelewa kutoka. Wanawake wawili wa Eastleigh, Wasomali, walikuwa wamemkalisha na kumuuliza habari za watu wa Mombasa mmoja mmoja kana kwamba ni kijiji. Walitufikisha wenyewe mkahawa mdogo wa jirani, wakatuagizia pilau ya mbuzi, wakaondoka kabla hatujaamua kama tuwaalike. Pilau ilikuja na ndizi mbivu juu ya sahani. Mwanangu alitazama kama aliyeona kosa la mpishi. Iliisha.

Mengine tuliyapita kwa miguu, na miguu ilikuwa imeanza kusema. Simba wawili wa mawe wa maktaba ya McMillan, ya mwaka 1931, nao wakaulizwa lile swali la mkia. Sanamu ya mpigania uhuru Dedan Kimathi na bunduki yake, iliyozinduliwa mwaka 2007. Mwanasiasa Tom Mboya na ndege wake wa heroe, karibu na mahali alipopigwa risasi Julai 1969. Bustani ya Jeevanjee, aliyoizawadia mji tajiri A. M. Jeevanjee mwaka 1906, ambako wanaume walikuwa wamesimama duara wakibishana siasa kwa sauti za watu wasiolipwa na wasiochoka. Humo Malkia Victoria alisimamishwa pia. Kwao London sanamu zake hulindwa na kusafishwa. Huyu wa kwetu, mwaka 2015 watu wakamkata kichwa. Mavyaa alisikiliza habari hiyo, akatikisa chake, akasema mchana huo baridi inamtosha, turudi.

Mvua ilikuwa imeshika kweli kweli tulipofika kituoni, nayo mvua ya Nairobi ina bei. Nauli iliyokuwa shilingi 50 asubuhi ilikuwa sasa 100, na foleni ilizunguka jengo zima. Nilijitayarisha kukasirika. Lakini kijana mmoja mbele akamwona mavyaa, akapaza sauti, "Shosho apite!" na foleni ile, watu walioloa, wenye mifuko ya Jumamosi na haraka zao, ikafunguka kama pazia. Tulipita nyuma yake wote watano, tukijifanya sisi ni mizigo yake.

Buruburu tulishuka magharibi. Chini ya mwavuli wa rangi, kando ya barabara, mama mmoja alikuwa akiuza mayai pasua: yai la kuchemsha, linapasuliwa katikati, linajazwa kachumbari na pilipili, unalila umesimama huku machozi yakikutoka. Mwanangu alikula matatu. Kwenye kibanda cha pili tulinunua chapo madondo ya chakula cha usiku, yaani chapati na maharagwe, na mwenye kibanda, aliposikia lafudhi yetu, akaongeza chapati mbili. "Hizi ni za Mombasa," akasema.

Na watu wa korti walikuja, kama walivyoahidi. Walikuja na viti vyao wenyewe, na termosi, na mmoja na jiko la mkaa, wakaketi kibarazani kwa wifi huku mvua ikigonga matangi. Mwalimu mstaafu wa nyumba ya pili alinunua yake kwa mkopo akiwa kijana, na alitusimulia siku aliyomaliza kulipa: aliosha ukuta wa mbele, basi, hakujua afanye nini kingine. Watoto wa majirani walimfundisha wangu kusema "niaje", naye akawafundisha "shikamoo" ya Mombasa, ambayo waliisema kwa kicheko, kisha bila kicheko, kwa mavyaa. Saa nne usiku alikuwa bado kwenye kiti chake, mkono juu ya joto la jiko, akiwahesabia Makadara zote mbili.

Ukienda, panda 58 asubuhi mapema, ukae dirishani ili usikose majina. Beba sweta mbili. Na ndoo zijaze usiku.