Kutoka Bunia mpaka ukuta wa Nairobi

Wengi mlituuliza sokoni na kwenye mlango wa kanisa: je, ni kweli wamama wa chama walimpeleka msichana wa miaka 14 mpaka Nairobi akajifunze kupanda ukuta? Ni kweli. Na kwa kuwa wengine walisikia kwamba tulikula pesa za mazishi, tunaeleza hapa safari yote na sababu yake.

Bunia hatuna ukuta wa kupandia, lakini wapandaji tunao wengi. Kila kartie ina mtoto ambaye ukimtafuta chini humwoni. Yuko juu ya mwembe, juu ya paa la jirani, juu ya ukuta wa parsele. Binti wetu huyu alikuwa amehamia kwenye majumba ya ghorofa yasiyomalizika, yale ya nguzo tupu na vyuma vilivyotokeza, na aliyapanda kwa nje. Mama yake aliitwa mara tatu katika mwaka mmoja: "Mama, kuja uone mutoto wako." Alichapwa, alifungiwa ndani, alinyimwa simu. Jumamosi iliyofuata alikuwa juu tena. Kila mama hapa anajua mguu uliovunjika unadai nini: picha, gipsi, majuma ya kulala, masomo yaliyopotea, deni. Na hapo ni mguu tu tunaouzungumzia.

Mmoja wetu anayenunua nguo Eastleigh ndiye aliyesema kwamba Nairobi kuna ukumbi, Climb BlueSky, ambamo watoto wanapanda ukuta ndani ya nyumba, kwa kamba na kwa mwalimu. Wanne kati yetu tulikuwa na safari ya biashara wakati wa vakansi kubwa, na zamu ya likelemba ilikuwa imemfikia mama wa binti. Kwa hiyo pesa ilikuwa yake. Mfuko wa mazishi haukuguswa hata franka moja. Hata hivyo tulibishana kikao kizima. Dada mmoja alisema kwa pesa hiyo mtu angenunua mbuzi. Mama wa binti akajibu kwamba mbuzi hao wangeliwa kwenye kilio cha mtoto wake. Kikao kikanyamaza, tukaanza kuhesabu nauli.

Tulishuka kwa njia ya Bogoro mpaka Kasenyi. Bunia iko zaidi ya mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na Ziwa Albert liko kwenye mita 620 hivi. Tofauti hiyo yote unaishuka katika kipande kifupi cha barabara, kwa maana hapo ndipo ukingo wa Bonde la Ufa ulipokatika. Bogoro tulipita kimya, kama watu wa Ituri wanavyopita hapo tangu 24 Februari 2003. Kisha ziwa likafunguka chini yetu, na binti, uso kwenye kioo cha gari, akauliza kama kuna watu wanaopanda miamba ile. Hakuna aliyemjibu upesi. Milima hii sisi tumeizoea kwa kuikimbilia au kuikimbia. Kuipanda kwa furaha ni jambo ambalo umri wetu haukupewa.

Mashua mpaka Ntoroko, gari mpaka Fort Portal na Kampala, kisha basi la usiku mpaka Nairobi. Mama anayefikiri kusafiri hivyo na mtoto atayarishe mapema pasipoti yake, kadi ya njano ya chanjo, na karatasi ya ruhusa yenye sahihi ya baba. Papa wa binti alitia sahihi akiguna, lakini alitia.

Ndani ya ukumbi kuta zimejaa vishikizo vya rangi, vikubwa kama mkate na vidogo kama punje ya muhindi, na mpandaji hufuata rangi moja toka chini mpaka juu. Kuna kuta za namna mbili. Kuta fupi, za mita nne hivi, hupandwa bila kamba juu ya magodoro mazito. Zile ndefu hupandwa kwa kamba. Viatu na mikanda ya kiunoni vinakodishwa hapo hapo, basi msinunue kitu kabla mtoto hajaonyesha kwamba ataendelea. Kucha zikatwe, pete na mikufu ibaki kwenye mkoba wa mama, mashi zifungwe nyuma. Suruali ni lazima. Tunajua kuna makanisa yetu ambayo hayapendi suruali kwa wasichana, lakini sketi inajinasa kwenye vishikizo na kuficha miguu, na miguu ndiyo inayopanda.

Mwalimu, kijana mwenye heshima, hakumruhusu apande. Alimfundisha kwanza kuanguka: magoti yakunjwe, mtu akae nyuma na kubiringika mgongoni, mikono iwe kifuani, kwa sababu anayetanguliza mkono nyuma huvunja kifundo. Binti wetu, ambaye alikuwa akining'inia kwenye vyuma vya ghorofa ya tatu, aliangushwa kwenye godoro nusu saa nzima, na alikasirika sana. Sisi tulifurahi.

Kisha kamba. Fundo lake linaitwa nane kwa umbo lake, na haliaminiwi mpaka mtu wa pili aliangalie na kulivuta. Hapo mwalimu akamgeukia mama wa binti na kumwambia kwamba yeye atashika kamba. Mama akacheka, akafikiri ni mzaha. Hakuwa anatania. Alimvika mkanda, akamwonyesha chombo kinachobana kamba, akamwambia mkono wa chini hauachi kamba kamwe, hata akikohoa, hata simu ikilia. Mwalimu mwenyewe alishika mkia wa kamba nyuma yake, maana mgeni haachwi peke yake siku ya kwanza. Tuliposema kwa sauti, "Mama, kamata mutoto!" watu wa Nairobi wakaangua kicheko, kwa sababu kwao anayekamatwa anapelekwa polisi.

Binti alifika juu, akaangalia chini, akaogopa. Huyu mtoto ambaye hatukuwahi kumwona akiogopa! Ilibidi aachie mikono na kukaa kwenye kamba iliyo mikononi mwa mama yake. Alikaa pale muda mrefu akiuliza, "Mama, umekamata?" Mama akasema amekamata. Akauliza tena. Mwisho akaachia, na mama akamshusha polepole kama ndoo inayorudi kisimani. Tangu siku ile wawili hawa wanazungumza kwa sauti nyingine nyumbani, na sisi majirani tunaisikia.

Mambo mawili mwalimu alituambia sisi wamama pembeni, nayo ni ya kuandika kwenye daftari. La kwanza ni vidole. Mtoto wa miaka 13 mpaka 15 mifupa yake bado inarefuka, na kidole kinachouma kwenye kiungo cha katikati kwa siku kadhaa kinataka kupumzika na kuonwa na daktari. Mazoezi ya kuning'inia kwa ncha za vidole yangoje mpaka amalize kukua. La pili ni chakula. Katika mchezo huu wako wasichana wanaojinyima ili wawe wepesi. Damu ya mwezi ikikatika kwa msichana aliyekwisha kuizoea, hiyo ni hatari. Ale bugali wake na maharage, ale samaki.

Siku mbili baadaye, biashara ilipokwisha, tulikwenda Naivasha, kwenye hifadhi ya Hell's Gate. Maana yake ni Mlango wa Jehanamu, na kuna mama kati yetu aliyetaka kubaki garini. Ndani yake kuna mwamba unaosimama peke yake, mita 25 hivi, unaoitwa Fischer's Tower kwa jina la Mjerumani aliyepita huko katika miaka ya 1880. Wamasai wanasimulia kwamba ni msichana aliyekuwa akipelekwa kwa bwana wake, akakatazwa kugeuka nyuma, akageuka kuangalia kwao, akawa jiwe. Chini ya mwamba kuna vijana wenye kamba wanaowapandisha wageni, na pimbi wanakimbia kati ya mawe. Binti alipanda mwanya mmoja mpaka juu, magoti yakichubuka, maana jiwe la kweli halina rangi za kukuongoza. Aliposhuka tulimwuliza ameona nini. Alisema aliangalia upande wa kwetu, na hakuwa jiwe.

Sasa tuko nyumbani, na ukuta wa Nairobi uko ng'ambo ya mipaka miwili. Mama asidanganywe na kamba ya mashua au ya ng'ombe kutoka sokoni. Kamba ya wapandaji imefumwa ili ivutike mtu anapoanguka, na ile ya soko inamkata kiuno au inakatika yenyewe. Bila mwalimu na vyombo vyake hakuna kupanda juu Bunia. Kinachowezekana ni kupanda kwa upande. Seremala wa kartie alichonga vishikizo 30 vya mbao ngumu, akavilainisha kwa msasa, akavikaza kwa vis kwenye mbao nene zilizofungwa kwenye ukuta wa parsele ya mmoja wetu. Vya miguu viko nusu mita toka chini, havizidi hapo, na chini tulimwaga maranda ya mbao. Mtoto anakwenda kushoto, anarudi kulia, na akianguka anaanguka kwa miguu. Kila Jumamosi saa nane mama mmoja anakaa pale. Wiki iliyopita walikuja watoto kumi na mmoja, wasichana saba. Maranda yanaisha upesi kwa mvua, kwa hiyo mwenye jamaa anayepasua mbao atuambie.