Makala Yangu ya Mwaka Jana, Muifute



Ninamaliza masomo mwaka huu, na kila mtu ananiuliza: "Kapita, kisha utafanya nini?" Leo ninajibu: ninataka kuwa mwandishi wa sayansi, yule wa kujitegemea, asiye na patroni.

Wazo hili lilizaliwa katika haya. Mwaka jana niliandika katika gazeti hili kwamba ziwa Kivu liko karibu kupasuka na sisi wa Kalehe tutakufa wote usingizini. Nilikuwa nimeyasikia sokoni tu. Mtoto mmoja wa mwaka wa kwanza akakataa siku tatu kushuka ziwani kuchota maji. Mwalimu wa kemia hakunigombeza. Aliniuliza neno moja: "Nani alikuambia?" Nikakosa jibu.

Basi nikaanza kutafuta. Ni kweli, chini ya ziwa letu, kutoka mita 260 hivi kwenda chini, kuna gesi nyingi: metani kama kilomita za ujazo 60, na gesi ya kaboniki kama 300. Ni kweli pia kwamba ziwa Nyos la Kameruni lilitoa gesi ya kaboniki usiku wa 21 Agosti 1986, wakafa watu kama 1700. Lakini gesi ya Kivu inakandamizwa na uzito wa maji ya juu, na maji ya chini yana chumvi nyingi, ni mazito, hayapandi bure. Nyiragongo ilipolipuka tarehe 22 Mei 2021, watu wa Goma walikimbilia hata Minova, hapa kwetu Kalehe, na wengi walisema ziwa litapasuka. Halikupasuka. Hatari iko, na ndiyo maana wataalamu wanalipima. Lakini kusema "hatari iko" na kusema "tunakufa kesho" ni maneno mawili mbalimbali.

Wenye kujua hayo hawako mbali. Kituo cha Lwiro, karibu na Katana, kilianzishwa na IRSAC, shirika lililoundwa mwaka 1947. Shida ni kwamba maandishi ya wataalamu ni ya Kifaransa ama Kiingereza. Tarehe 4 Mei 2023 mito ilishuka juu ya Bushushu na Nyamukubi, ikaua watu zaidi ya 400. Kisha nilisikia watu wakisema ni laana. Sikuona hata ukurasa mmoja wa Kiswahili wa kueleza namna gani mvua kubwa juu ya kilima kisicho na miti inateremsha udongo na mawe. Ukurasa ule ndio ninataka kuandika mimi.

Wengine watasema Kiswahili hakitoshi kwa sayansi. Lakini wataalamu wa volkano hata Ulaya, wakitaja gesi ya kaboniki inayolala mabondeni huko Goma na Sake na kuua mbuzi na watu, wanasema "mazuku". Neno ni letu.

Baba mdogo alicheka: "Mutoto, nani atakulipa? Utakula makaratasi?" Ana haki. Mwandishi wa namna hii anampelekea mhariri wazo lake kwa ukurasa mmoja. Likikubaliwa anaandika, analipwa kwa makala ile tu. Mwezi bila makala ni mwezi bila pesa. Kwa hiyo nitafundisha kwanza, niandike jioni, mpaka kalamu iweze kununua unga. Na nimeshika kanuni tatu: kila habari iandikwe pamoja na jina la aliyeisema, nisichokielewa nirudi kuuliza, nikikosea, nisahihishe mbele ya wale wale niliowadanganya.

Ninaanza leo. Ile makala yangu ya mwaka jana juu ya ziwa, tafadhali muifute. Na wewe mdogo wangu wa mwaka wa kwanza, unisamehe. Kachote maji bila woga.

Mungu awabariki.

Kapita wenu