Ini jipya, parsele ya Ubundu na hesabu ya familia moja

Parsele iko Ubundu, karibu na reli. Wenyewe wako Kisangani kwa ndugu tangu 2022, walipokimbia mzozo wa Wambole na Walengola. Watoto walitaka kuiuza. Baba yao, mlimaji wa mpunga, tumbo limejaa maji, macho yamekuwa manjano, na ekografi imeonyesha uvimbe kwenye ini. Waliambiwa kwamba kule India wanatoa ini bovu na kuweka jingine, na mgonjwa anarudi mzima.

Si uongo, ila si habari yote. Daktari Thomas Starzl alijaribu kwanza kupandikiza ini huko Denver, Marekani, mwaka 1963, mgonjwa hakupona. Mwaka 1967 mtoto wa kike mwenye kansa ya ini aliishi zaidi ya mwaka mmoja, kisha kansa ikamrudia. Kwa miaka mingi ilikuwa hivyo: ini jipya, kansa ile ile. Uvimbe ukishakuwa mkubwa, chembe zake huwa zimeshapita katika damu. Tena dawa anazomeza mgonjwa maisha yote, ili mwili usikatae ini la mwingine, zinapunguza kinga yake.

Mwaka 1996 Mazzaferro na wenzake wa Milan waliweka kipimo: uvimbe mmoja usiozidi sentimita 5, au isiyozidi mitatu, kila mmoja usiozidi sentimita 3, na usiwe umeingia mishipa mikubwa. Baada ya miaka 4, wagonjwa 75 kwa 100 walikuwa hai. Mwaka 2020 Waitaliano walionyesha kwamba hata aliyezidi kipimo anaweza kusaidika, uvimbe ukipunguzwa kwanza kwa matibabu. Waliopandikizwa, karibu 77 kwa 100 walikuwa hai baada ya miaka 5, wasiopandikizwa, 31.

Uvimbe wa baba huyu una sentimita 11 na umeshika mshipa mkubwa. Muganga alieleza polepole, mama akiwepo, kwamba safari haitamponya. Kijana mkubwa alikasirika, akidhani wanaambiwa hivyo kwa kuwa ni maskini. Hapo alikosea: tajiri mwenye uvimbe kama huo angepewa jibu lile lile.

Mama ndiye aliyeuliza swali zuri: ugonjwa umetoka wapi? Kipimo cha damu kilionyesha hepatiti B. Watu husema ni lotoko, na kweli pombe inaharibu ini, hata karanga na mahindi yenye ukungu yana sumu yake. Lakini virusi hivi hupita kwa damu, kwa ngono, na kutoka kwa mama hadi mtoto wakati wa kuzaa, vikakaa miaka bila maumivu. Chanjo yake iko ndani ya ile ya wiki ya 6, ya 10 na ya 14, bure kwenye kituo cha afya. Wajukuu wawili walizaliwa njiani wakati wa kukimbia. Hawana hata karte.

Parsele haijauzwa. Pesa kidogo iliyokusanywa imelipa dawa ya maumivu na vipimo vya watoto watatu. Wawili wako salama, wa tatu anangoja jibu. Wajukuu wameandikishwa chanjo. Mzee ameomba arudishwe Ubundu. Ni kilometa 125 kwa reli, na treni haina siku, kwa hiyo kijana mkubwa anatafuta pikipiki yenye dereva mpole.