Kuacha Kiti

Mpwa wangu alikuwa meneja katika kampuni moja ya Dar es Salaam. Alikuwa na ofisi, dereva na katibu muhtasi, na mshahara wake ndio uliolipa ada za watoto watatu wa ukoo hapa Lusewa, mmoja chuoni na wawili katika shule za bweni za binafsi. Kiti hicho amekiacha. Sasa anatengeneza tovuti na programu za kompyuta kwa yeyote anayemletea kazi. Habari zilipofika, wazee walinijia mimi, kwa kuwa ni mjomba wake na tena nilikuwa mwalimu mkuu. Walitaka nimwamuru arudi.

Ndugu msomaji, jambo hili si dogo. Kizazi changu kililelewa tukiamini kwamba mtu hupanda ngazi, hashuki. Lakini ngazi ina gharama yake. Mwalimu hodari wa hisabati akipewa ofisi, hupewa pia funguo za stoo, hesabu ya madawati, vikao na barua. Shule hupata msimamizi, darasa hupoteza mwalimu; wala hakuna anayemlilia mwalimu huyo, maana sote tuko kwenye sherehe ya kumpongeza.

Aidha, wazee wana sababu ya kukitilia shaka chombo chenyewe. Mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, na marufuku hiyo ilidumu mpaka miaka ya 1990. Mwaka huohuo wa 1974 Azimio la Musoma liliagiza elimu ya msingi kwa watoto wote ifikapo 1977. Basi sisi tulihangaika kutafuta walimu na chaki, si mashine. Mambo yamebadilika polepole. Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitoa programu za ofisi kwa Kiswahili, na mwaka 2018 njia kuu ya umeme kutoka Makambako ikafika Songea, mji uliokuwa ukitegemea jenereta za dizeli.

Nilimpigia simu.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Hebu nieleze kazi yako kama unavyomweleza mtoto wa darasa la nne."

Akaniambia kwamba tovuti ni kama kibanda sokoni. Jina lake hulipiwa kila mwaka, na mahali inapokaa, yaani kompyuta iitwayo seva, hulipiwa vilevile. Mwenye kibanda asipolipa, hufungiwa. Mteja hutoa sehemu ya fedha mwanzoni na salio kazi ikiisha, na salio ndilo linalochelewa. Kisha akanisimulia kazi aliyokuwa nayo mkononi kwa ajili ya chama kimoja cha msingi cha ushirika: karani akishapima ufuta, mkulima anapata ujumbe wa kilo zake kwenye simu papo hapo.

"Mjomba, nikiwa meneja niliidhinisha kazi za wenzangu miaka tisa. Sikumbuki hata moja niliyoitengeneza mwenyewe."

Mkulima aliyewahi kubishana na karani juu ya mzani anajua thamani ya ujumbe kama huo. Sikuweza kuiita kazi hiyo mchezo.

Hata hivyo sikumwachia hivi hivi. Nilimwuliza, "Na wale watoto watatu?" Alinyamaza kidogo, kisha akasema kwamba katika kila malipo ya mwanzo anatenga fungu la ada kabla ya kodi ya nyumba. Nikamtaka pia ajiunge na NSSF kama mtu aliyejiajiri, kwani uzee haumwulizi mtu kama aliwahi kukalia kiti.

Wazee niliwajibu kwamba sitamrudisha. Tulifundishwa kuwa cheo ni dhamana; na dhamana mtu aweza kuirudisha kwa mwenyewe bila aibu. Wajibu kwa ukoo haurudishwi, na huo hajauacha. Mmoja wao alisema kwamba mjini atadharauliwa. Nilimjibu kuwa fundi hudharauliwa mpaka siku mlango unapokataa kufunga.

Ada ya muhula wa kwanza ililipwa kwa mafungu matatu, la mwisho likachelewa wiki mbili. Wazee bado wanazungumzia wiki hizo mbili. Mimi nilizikagua stakabadhi moja baada ya nyingine, kama nilivyozoea kazini, nikakuta zimetimia.