Isiolo: Mganga Ajuaye Mpaka wa Dawa Yake

Msomaji, mtu akitoka Nairobi kwenda kaskazini hupita Karatina na Nanyuki, akauzunguka Mlima Kenya kwa upande wa magharibi. Kisha baada ya Timau barabara huteremka kutoka mashamba ya ngano yenye baridi mpaka nchi ya miiba na vumbi. Hapo ndipo Isiolo, mwendo wa kilometa 280 hivi. Mimi, mwanafunzi wa kutoka Tanga, nilifika huko wakati wa likizo ili nione jinsi wenyeji wanavyoishi na wanavyojitibu.

Zamani za utawala wa Waingereza palikuwa na kizuizi barabarani, na mtu asiye na kibali hakupita kwenda wilaya za mpakani. Siku hizi lami yaendelea hata Moyale, penye mpaka wa Ethiopia. Sokoni hukutana Waborana, Wasomali, Wasamburu, Waturkana na Wameru, na akina mama hupokea maziwa ya ngamia kutoka malishoni wakayapeleka Nairobi kwa basi.

Nilikaribishwa katika boma la Waborana. Salamu yao ni nagaa, maana yake amani. Nikapewa buni zilizokaangwa nzima katika samli, chakula cha heshima ambacho jina lake, buna qalaa, maana yake ni kahawa iliyochinjwa. Mzee wa boma akajipaka samli ile usoni, akatuombea mvua na uzima pamoja. Hapo nilifahamu kwamba kwa wafugaji afya si jambo la mwili mmoja tu: mifugo ikikonda, maziwa hukauka, na mtoto huugua.

Mzee yule ni mjuzi wa miti. Alinionyesha mshubiri, ambao utomvu wake hupakwa penye jeraha, na manemane ya kusafishia vidonda, na mti wa mswaki ulindao meno. Majirani zao Wasamburu huchemsha magome ya mgunga, waitao lkiloriti, katika supu ya nyama.

Siku ya pili aliletwa kijana mchungaji, amekonda, akikohoa kwa muda wa wiki nyingi na kutoka jasho usiku. Jamaa zake waliomba mizizi. Mzee alimsikiliza kifua, akatikisa kichwa. “Mjukuu wangu,” akasema, “dawa yangu ni ya kifua kilichopigwa na baridi. Kikohozi hiki si changu. Nenda hospitali.”

Kijana akajibu, “Babu, na ngamia watachungwa na nani?”

Swali hilo si dogo. Dawa za kifua kikuu hutolewa bure katika hospitali za serikali ya Kenya, lakini kwa kawaida mgonjwa humeza kwa miezi sita bila kukatiza, na mfugaji hufuata mvua. Mwaka wa 1976, huko Wajir, Bibi Annalena Tonelli, Mwitaliano, alilitafutia swali hili jawabu: wagonjwa wakae katika vibanda vya desturi yao karibu na mahali pa tiba, wakisimamiwa kila siku wamezapo dawa, hata wapone. Hivyo tiba ya hospitali ilijifunza kwa wahamaji.

Jioni ile jamaa walifanya shauri. Mjomba akakubali kuwachunga ngamia, na shangazi aishiye mjini akakubali kumpokea mgonjwa. Asubuhi kijana akaondoka, na mzee akamsindikiza mpaka barabarani.

Wako wasomi wadharauo kila dawa ya mzee, na wako wazee waogopao kila sindano. Wote wawili humchelewesha mgonjwa. Sheria ya Afya ya Kenya ya mwaka wa 2017 imeitambua tiba ya asili, lakini sheria haiwezi kumfundisha mganga kusema, “Hili silijui.” Neno hilo nililisikia Isiolo kwa mtu asiyejua kusoma, na laweza kuokoa maisha. Kinga na kinga ndipo moto uwakapo.