Taa ya Baiskeli na Kiwi cha Macho

Magoma ni kata ya Wilaya ya Korogwe, katika bonde la mto Lwengera, baina ya Usambara ya Magharibi na Usambara ya Mashariki. Jua la huko halina desturi ya kuaga kwa muda mrefu. Huzama karibu na saa kumi na mbili na nusu za jioni, likaacha mwanga wa kutosha kufungia mbuzi, kisha giza likaingia kama mwenye nyumba. Mtu ambaye wakati huo yu njiani, na safari yake haijesha, hana budi kuwa na taa.

Mlinzi mmoja wa zamu ya usiku katika shamba la mkonge alikuwa mtu wa namna hiyo. Aliondoka kwake wakati wengine wanarudi, akarudi alfajiri wakati wengine wanaondoka. Alipanda baiskeli nzito ya chuma, na kwa miaka mingi taa yake ilikuwa kurunzi ya mawe mawili iliyofungwa kwenye usukani kwa utepe wa mpira uliokatwa katika tyubu kuukuu. Nuru yake ilikuwa ya manjano na dhaifu. Ilionyesha kuwa kuna njia, lakini haikuonyesha njia ilivyo. Usiku mmoja wa masika gurudumu la mbele liliingia katika shimo lililojaa maji. Alianguka, akavunjika mkono, akakaa wiki sita bila kazi wala ujira, na mwanawe akaanza mwaka wa shule na viatu vya mwaka uliopita. Alipopona aliazimia kununua taa kali kuliko zote zilizopatikana Korogwe.

Haja yake ilikuwa ya zamani. Wapanda baiskeli wa mwisho wa karne ya 19 walitumia taa za kabidi: maji yalidondoka tone moja moja juu ya kabidi, gesi ikatoka, ikawaka kwa mwanga mweupe. Baadaye ilikuja dainamo ya kusuguana na tairi. Hii haikutaka mawe wala mafuta, bali ilitaka miguu. Nguvu yake ya kawaida ilikuwa wati 3, na iliwaka vizuri kwenye mteremko, ikafifia kwenye mwinuko, ikazimika kabisa mpandaji aliposimama. Yaani ilimkimbia mtu hasa pale alipokuwa na shida. Mageuzi makubwa yalitokea Japani mwaka 1993, Shuji Nakamura alipotengeneza kijitaa cha buluu chenye nguvu, ambacho ndicho kilichowezesha taa nyeupe za LED za leo. Mwaka 2014 yeye, Isamu Akasaki na Hiroshi Amano walipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia. Hapana shaka kuwa katika tuzo zote za elimu hiyo ni chache zilizofika vijijini upesi kama hiyo.

Dukani mlinzi alionyeshwa taa mchana kweupe, mwuzaji akiimulika ukutani. Kununua taa mchana ni kama kununua mwavuli kiangazi: kila moja huonekana nzuri. Alichoweza kupima ni maneno ya kwenye kasha, na maneno hayo yalikuwa makubwa. Kipimo kinachotajwa ni lumeni, yaani jumla ya nuru yote itokayo katika taa. Mshumaa mmoja hutoa kiasi cha lumeni 12. Makasha hutaja maelfu. Hesabu ndogo ingalitosha kuyatia shaka. Betri ya lithiamu ya umbo la kawaida, yenye kipenyo cha milimita 18 na urefu wa milimita 65, ikiwa njema sana hubeba kiasi cha miliampea-saa 3,500. Hata hivyo maganda yaliyoandikwa 9,900 yameuzwa sokoni bila haya. Akiba ya betri njema hutosha kutoa lumeni 300 kwa muda wa saa nne hivi. Taa ya betri moja inayoahidi lumeni 2,000 usiku kucha inaahidi mali isiyokuwamo mfukoni mwake.

Tena lumeni hazisemi nuru inaangukia wapi. Mpanda baiskeli aendaye kilomita 20 kwa saa hupita mita tano na nusu katika kila sekunde. Kwa hiyo ni lazima alione shimo likiwa mbali naye mita 15 au zaidi, hasa kama breki zake ni za vyuma na zimelowa. Nuru ya kiasi, iliyokusanywa ikalazwa njiani, humfaa kuliko nuru kubwa iliyotawanywa juu ya miti. Hata mahali pa kuifunga taa pana maana. Taa iliyo juu, karibu na macho, huficha vivuli vya mashimo, na barabara yote huonekana bapa. Iliyo chini, karibu na madigadi, hurefusha vivuli, na kila shimo hujitangaza.

Mlinzi hakuambiwa hayo. Alinunua taa yenye namba kubwa, akaifunga juu ya usukani, akaielekeza mbele sawasawa. Furaha yake ilikuwa kubwa, na haifai kuidharau, maana mtu aliyekwisha kuvunjika mkono ana haki ya kupenda mwanga. Aliona majani ya mkonge mbali pande mbili za njia kama mikuki iliyopangwa. Hakuanguka tena. Jambo moja tu lilimshangaza: watu waliacha kumwamkia. Zamani, kwa kurunzi yake ya manjano, waliokutana naye alfajiri walimtambua na kumwita kwa jina la mwanawe. Sasa walisimama kando, mkono usoni, wakanyamaza mpaka apite.

Asubuhi moja kabla ya kupambazuka alikutana na bibi mmoja aliyejitwika mzigo wa ndizi. Bibi alisogea kando kumpisha, akakanyaga pasipo kitu, akatumbukia katika mfereji pamoja na mzigo wake. Mlinzi alitupa baiskeli, akamkimbilia.

"Shikamoo, mama. Nisamehe, sikukusudia."

"Marahaba. Kumbe ni wewe, mwanangu? Taa yako imeninyang'anya njia."

Maneno yake yalikuwa ya kweli kwa kipimo cha elimu pia. Jicho huhitaji kiasi cha nusu saa kulizoea giza barabara, na mwanga mkali huivunja kazi hiyo kwa nukta moja. Aliyetiwa kiwi hubaki kipofu hata baada ya taa kupita. Bibi yule alikuwa akiona njia yake vizuri kwa nyota tu, mpaka alipoletewa mwanga. Sheria ya Ujerumani hutaka taa ya mbele ya baiskeli isimtie kiwi anayekuja, na kwa ajili hiyo taa za huko hutengenezwa zikiwa na mpaka juu, nuru isipande. Katika barabara za mashamba, ambako wengi huenda kwa miguu na hawana taa ya kujibu taa, haja ya mpaka huo ni kubwa zaidi. Lakini makasha ya dukani hayautaji, wala mnunuzi hauulizi.

Mguu wa bibi uliteguka, na kwa siku nyingi mlinzi alimpelekea maji asubuhi kabla ya kulala. Taa hakuitupa, maana mashimo yalikuwa palepale. Aliishusha hadi kwenye uma wa gurudumu la mbele, akaiinamisha, akakata kipande cha debe la mafuta ya kula, akakikunja kuwa ukingo juu ya kioo chake. Usiku wa kwanza aliisimamisha baiskeli ua mzima, akaenda mbele hatua ishirini, akageuka kuitazama kama anayekuja. Iliyachoma macho bado. Alirudi, akaukunja ukingo kidogo tena, akaenda kutazama mara ya pili.