Plasta Haitaki Simiti Kali

Ndugu yangu ameandika kutoka Ikonge, Nyamira, kwamba plasta ya nje ya nyumba ya mama imepasuka, na fundi anataka tutume pesa za simiti ya 42.5 kwa sababu ile ya kwanza "haikuwa na nguvu." Nimeudhika. Ya kwanza ilikuwa 42.5 hiyohiyo, tena karibu isiwe na mchanga!

Hapa Brooklyn Park, Minnesota, ambako ukiingia dukani hukosi kusalimiwa kwa Ekegusii, lugha ya kwetu, nyumba ya jirani inapigwa stucco, yaani plasta ya nje, na nimewatazama mafundi. Wanafunika mbao kwa karatasi ya kuzuia maji, wanapigilia wavu wa chuma, kisha wanapiga matabaka matatu. La kwanza linachanwa mistari ili la pili lishike. Yote matatu hayazidi milimita 22 hivi. Kwenye simiti na mchanga wanaongeza chokaa iliyozimwa. Mchanganyiko unakuwa laini, unashika maji, na kupasuka kunapungua. Hakuna aliyetafuta simiti kali kuliko zote, maana ile plasta haibebi paa.

Si kwamba Wamarekani hawakosei. Woodbury, karibu na Saint Paul, nyumba nyingi za stucco zimeoza mbao kwa ndani baada ya maji kupenya pembeni mwa madirisha.

Lakini sisi tuna ugonjwa wa namba. 32.5 na 42.5 ni nguvu ya simiti baada ya siku 28, kwa megapaskali. 42.5 ipelekwe kwenye nguzo, lenta na slabu. Matofali yetu ya kuchoma ni laini. Ukiyavisha plasta ngumu kuyashinda, ikikauka inanywea, inajivuta, inabanduka, na mvua inapata mlango. Plasta isiushinde ukuta nguvu. Mfuko wa 32.5, ambao kwetu mara nyingi umechanganywa na majivu ya volkano, kwa mchanga karai nne au tano kwa moja ya simiti, unatosha kabisa.

Chokaa nayo inachomwa Koru, si mbali na Nyamira, na sisi kazi tunayoipa ni kupaka mashina ya miti! (Ya plasta ni ile iliyozimwa, si ile ya kumwaga shambani.)

Nyanya alipokandika kwa udongo na kinyesi cha ng'ombe, tabaka la kwanza aliliacha likauke na kupasuka litakavyo, ndipo akaziba kwa lile laini. Hakuwa na mfuko wenye namba. Fundi wetu anapiga tabaka moja nene na kuondoka.

Nimemwambia ndugu yangu asilipe kitu kabla mchanga haujaoshwa, maana ule wa kwetu huja na udongo nusu. Baada ya plasta, ukuta umwagiliwe asubuhi na jioni wiki nzima. Asiniambie mvua ya alasiri itaifanya kazi hiyo. Kufikia saa tano asubuhi jua limeshaukausha.